Harden Alikuwa na Tamaa? Hebu Niacheni!

Wiki hii naomba tuziweke kando habari za wachumba na mitindo ya nywele, maana kuna jambo limenikaa rohoni na nisipolitoa nitapasuka bure. Jambo lenyewe ni hili neno "tamaa". Mcheza mpira akihama klabu kufuata mshiko, ana tamaa. Mwanamuziki akihama bendi, ana tamaa. Binti akimwacha mchumba ambaye mwaka wa nne huu hajawahi kumpeleka kwao, naye ana tamaa! Lakini tangu nimezaliwa sijawahi kusikia tajiri mwenye klabu akiitwa hivyo kwa sababu amegoma kuongeza dau.

Ugomvi ulianzia pale viwanja vya Kidongo Chekundu, ambako Jumamosi huwa napita kutazama vijana wakicheza mpira wa kikapu (na kutazamwa kidogo, sikatai). Jamaa walikuwa wanazozana juu ya Oklahoma City Thunder ya mwaka 2012. Wote kwa sauti moja wakasema timu ile ilivunjwa na James Harden kwa kupenda hela. Nikasema si kweli. Kaka mmoja mwenye kitambaa kichwani akanigeukia: "We binti, kikapu cha Marekani umekijulia wapi?"

Nimekijulia kwa Hasheem Thabeet, kaka yangu. Mwaka 2012 nilikuwa darasa la sita, na mtaani kwetu kila mtoto aliyeweza kurusha mpira alikuwa anaishabikia klabu yoyote anayochezea Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 21. Ile siku ya mwaka 2009 klabu za NBA zilipokuwa zikichagua vijana kwa zamu, Blake Griffin alichukuliwa wa kwanza, Thabeet wa pili, na wa tatu akawa huyo huyo James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry, lakini hayo tuyaache tusije tukalia. Thabeet alichukuliwa na Memphis, akazunguka zunguka, na Julai 2012 akatua Oklahoma City. Basi na sisi tukahamia Oklahoma City pamoja naye, bila viza.

Na timu tuliyoikuta huko, usiombe! Kevin Durant, Russell Westbrook, Harden, na Serge Ibaka mzaliwa wa Brazzaville. Juni ya mwaka huo walikuwa wamefika fainali, wakachapwa na Miami Heat michezo minne kwa mmoja. Hakuna kati ya hao wanne aliyekuwa amefikisha miaka 24. Kila mtu alisema hawa watoto wataitawala ligi miaka kumi. Oktoba 27, kabla hata msimu mpya haujaanza, Harden akauzwa Houston.

Sasa hapa nieleze kidogo utaratibu wa fedha wa hao Wamarekani, maana bila huo ugomvi hauwezi kueleweka. Kule si kama soka ya Ulaya, ambako kwa miaka mingi mwenye kitita kinene alijichukulia tu. Tangu msimu wa 1984-85 kila klabu ya NBA ina kikomo cha mishahara. Kilianzia dola milioni 3.6 kwa timu nzima. Msimu wa 2012-13 kilikuwa milioni 58 na ushee, na msimu wa 2025-26 kikafika karibu milioni 155. Lengo ni klabu ya mji mdogo iweze kupambana na klabu ya New York au Los Angeles.

Ila kikomo chenyewe kina tundu. Klabu inaruhusiwa kukivuka ili kumbakisha mchezaji wake yenyewe. Tundu hilo limepewa jina la Larry Bird wa Boston. Ndiyo maana msimu wa 1997-98 Michael Jordan peke yake aliweza kulipwa dola milioni 33 wakati kikomo cha timu nzima ya Chicago Bulls kilikuwa milioni 26.9. Mtu mmoja kazidi chungu kizima! Lakini ukivuka mbali sana unakutana na mstari mwingine juu yake, na ukiugusa huo unalipa kodi ya anasa. Mwaka 2011 matajiri waliwafungia wachezaji mlango mpaka msimu ukaanza siku ya Krismasi, na waliporudi mezani kodi hiyo ikafanywa kali zaidi. Kuanzia msimu wa 2013-14, kila dola ya juu ya mstari ulilipia kodi ya dola moja na nusu, na kadiri ulivyozidi ndivyo kodi ilivyopanda, mpaka dola tatu na zaidi.

Kwa hiyo tajiri wa Oklahoma City hakuwa anaota ndoto mbaya bila sababu, na mimi simwonei. Mji wenyewe ni mdogo. Durant alishapewa mkataba wa kama milioni 86 kwa miaka mitano, Westbrook kama milioni 80 kwa miaka mitano, na Agosti 2012 Ibaka akasaini wa karibu milioni 48 kwa miaka minne. Harden akaja wa mwisho kwenye foleni, chungu kimebaki ukoko. Kwa sheria kiwango cha juu kabisa alichoweza kupata hapo kilikuwa karibu milioni 60 kwa miaka minne. Wakampa kama 55.

"Sasa milioni 55 na milioni 60 za dola," akasema yule kaka wa kitambaa, "tofauti iko wapi? Mtu anazila zote?"

Swali zuri. Nami nikamwuliza, mbona haulizwi tajiri? Kama tofauti haipo, si angeitoa yeye? Ukiigawa kwa miaka minne, ni milioni moja na kitu kwa mwaka kwa klabu iliyotoka fainali juzi. Nyota wawili wa mbele walishapata chote walichostahili kisheria. Wa tatu, ambaye mwaka huo alitajwa kuwa mchezaji bora anayetokea benchi katika ligi nzima, ndiye akaambiwa aonyeshe moyo wa familia. Akakataa. Houston wakampa karibu milioni 80 kwa miaka mitano. Mchezo wake wa kwanza huko dhidi ya Detroit akatupia pointi 37 na kutoa pasi za mabao 12. Mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa NBA. Thunder ile haikurudi fainali tena.

Msomaji wangu, nakuona unajiuliza kwa nini hasira zote hizi kwa habari ya mamilionea wa Marekani. Ngoja nikupeleke Keko.

Kaka yangu ni seremala. Jina silitaji, maana akiliona gazetini hatanipa nauli mpaka mwakani. Yeye na wenzake watatu walikuwa kwenye karakana moja ya samani, na nakuambia walikuwa kikosi kamili. Mmoja milango, mmoja sofa, mmoja alikuwa na mkono wa vanishi mpaka kabati unajiona sura kama kwenye kioo. Kaka yeye alikuwa wa kunakshi vitanda. Wateja walitoka Mbezi na Kigamboni kufuata vitanda vyake. Tajiri akanunua pikapu. Akanunua mashine ya kukatia mbao. Halafu siku moja akawaita, akawapa soda, akaanza: mbao zimepanda, kodi ya eneo imepanda, sisi humu ni familia, tuvumiliane. Maana yake kila fundi apunguziwe kwa kila kipande. Kaka ilikuwa akatwe elfu kumi kwa kila kitanda.

Wifi yangu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Kaka akauliza kwa heshima zote: "Na wewe mzee, utakatwa shilingi ngapi?" Jibu halikuja. Mwisho wa mwezi kaka akabeba patasi zake, akahamia karakana nyingine iliyompa bei yake.

Yule fundi wa sofa alikubali kukatwa. Huyo alikuwa rafiki wa kaka tangu shule ya msingi, ndiye aliyesimama naye siku ya ndoa kama mpambe. Haikupita miezi minne akaambiwa kazi zimepungua, akapumzike, ataitwa. Hakuitwa. Sasa niambie, mtu huyu amemkasirikia nani? Tajiri? Thubutu! Amemkasirikia kaka yangu. Anasema kaka angebaki, vitanda vingeendelea kuvuta wateja, na wote wangekuwa wanakula. Sikukuu ya Idi iliyopita kapita mbele ya baraza yetu, mama kamwita, kamsalimia mama, kaka hakumtupia hata jicho. Na mama naye, Mungu amweke, bado anasema mwanawe ndiye aliyevunja kundi. "Ungevumilia kidogo tu, baba." Kaka hajibu. Huwa anainama tu na kuendelea kula.

Ndiyo maana nikisikia "tamaa" damu inanichemka.

Na sasa nimefuatilia hizi timu zilizosheheni nyota nikagundua kitu. Chini ya kikomo cha mishahara, ukikuta nyota wengi wamekaa pamoja, chimba chini. Utakuta kuna mtu analipwa pungufu. Bulls ile ya Jordan iliyobeba ubingwa mara sita ilisimama juu ya mgongo wa Scottie Pippen, ambaye mwaka 1991 alisaini mkataba mrefu wa bei ndogo kwa sababu ana familia kubwa nyuma yake na alitaka uhakika. Msimu wa 1997-98, wa ubingwa wa sita, alilipwa dola milioni 2.775 tu, wachezaji zaidi ya mia moja wa ligi wakiwa juu yake. Huyo ndiye mtu wa pili wa timu bora duniani! Timu ikavunjwa baada ya msimu huo, naye akaenda Houston kwa mkataba wa kama milioni 67. Sidhani kama kuna mwenye haki ya kumlaumu.

Miami waliowachapa Thunder je? Mwaka 2010 LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh walikubali wote watatu kuchukua pungufu ya kiwango cha juu ili watoshee chunguni. Udonis Haslem, mtoto wa Miami hapo hapo, akakataa fedha nyingi zaidi za kwingine ili abaki nao. Wakabeba ubingwa 2012 na 2013. Nzuri sana hiyo, naipenda. Lakini tazama kilichofuata. Julai 2013, wiki chache tu baada ya kombe, klabu ikamwondoa Mike Miller, mwenzao aliyekuwa akitupia mitupo ya mbali kwenye fainali zote mbili, ili tajiri apunguziwe kodi ya anasa. Tajiri mwenyewe, Micky Arison, ni wa kampuni ya meli za kitalii. Wachezaji wamejikata mishahara yao, ikafika zamu ya mwenye meli kujikata, akakatwa Miller! Mwaka uliofuata LeBron akarudi zake Cleveland.

Halafu Durant. Hii ndiyo inayowauma watu wa Oklahoma City mpaka leo, na hapa hata mimi moyo uliniuma, siwafichi. Mwaka 2016 Thunder waliwabana Golden State Warriors michezo mitatu kwa mmoja, wakaachia mitatu ya mwisho. Julai 4 Durant akatangaza kuhamia kwa hao hao waliomtoa. Aliporudi Oklahoma City kucheza Februari 2017, mashabiki walimzomea usiku kucha, wengine wamevaa fulana zenye picha ya keki ndogo, maana yake ni mtu laini laini. Sawa, zomeeni. Lakini mlango ulifunguliwa na nani? Fedha mpya za televisheni, dola bilioni 24 kwa miaka tisa, ziliingia kwa mkupuo, na kikomo kikaruka kutoka milioni 70 mpaka milioni 94 katika mwaka mmoja. Juu ya hapo Curry, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi miaka miwili mfululizo, alikuwa bado anatumikia mkataba wa milioni 44 kwa miaka minne aliousaini 2012 wakati vifundo vya miguu vinamsumbua. Si nilikuambia? Chimba chini. Warriors wakachukua ubingwa 2017 na 2018.

Kuna wanaojikata kwa hiari kabisa, sitaki kuwasahau. Jalen Brunson wa New York Knicks mwaka 2024 alisaini milioni 156.5 kwa miaka minne, wakati angesubiri mwaka mmoja angeweza kudai milioni 269 kwa miaka mitano. Klabu ikapata nafasi ya kumzungushia wenzake. Huyo namvulia kofia. Ila ile ni zawadi yake, katoa mwenyewe akiwa na nguvu ya kukataa. Kwa Harden na kwa kaka yangu ilidaiwa kama deni.

Basi sasa sikia vituko vya dunia. Hiyo hiyo Oklahoma City, chini ya meneja huyo huyo Sam Presti aliyemuuza Harden, imejenga timu nyingine ya watoto. Mwaka 2019 walimtoa Paul George, wakapewa Shai Gilgeous-Alexander wa Canada pamoja na rundo la haki za kuchagua chipukizi, na moja ya haki hizo mwaka 2022 ikawa Jalen Williams. Mwaka huo huo wakamchagua Chet Holmgren wa pili. Juni 2025 wakawafunga Indiana Pacers kwenye mchezo wa saba, wakawa mabingwa. Na wakati wanalibeba kombe, Williams na Holmgren walikuwa bado kwenye mikataba yao ya kwanza ya chipukizi, ile ya bei poa.

Bei poa haikudumu. Julai 2025 Shai akaongezewa milioni 285 kwa miaka minne, Holmgren mpaka milioni 250 kwa mitano, Williams mpaka 287 kwa mitano. Safari hii Presti hakuwapunja watatu wake, na mimi namsifu kwa hilo. Lakini sheria nazo zimezidi kukaza. Tangu makubaliano ya 2023 kuna mstari wa pili juu ya ule wa kodi, ambao msimu wa 2025-26 uliwekwa kwenye milioni 207.8. Klabu ikiuvuka inafungwa mikono. Haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja, haiwezi kutoa fedha taslimu kwenye biashara ya wachezaji, na hata haki yake ya kuchagua chipukizi wa miaka saba mbele inagandishwa. Boston Celtics, mabingwa wa 2024, walipiga hesabu wakaona mishahara na kodi ya 2025-26 itapita dola milioni 500 kwa jumla. Nyota wao Jayson Tatum alikuwa amekatika mshipa wa kisigino. Haraka haraka wakawatoa Jrue Holiday na Kristaps Porzingis, nao Al Horford na Luke Kornet wakaenda zao. Mwaka mmoja tu baada ya kombe!

Kwa hiyo pale Oklahoma City wakishawalipa hao watatu, macho yanahamia kwa walio chini yao. Mimi jicho langu liko kwa Luguentz Dort. Huyu mwaka 2019 klabu zote ziliita majina 60 na jina lake halikuitwa, mamaye akiwa anasubiri kama mama zetu wanavyosubiri matokeo ya kidato cha nne. Akaingia kwa mlango wa nyuma, akawa ndiye anayepewa kazi ya kumkaba mfungaji hatari zaidi wa upande wa pili kila usiku, kazi ya jasho na viwiko. Mwaka 2022 walimpa milioni 82.5 kwa miaka mitano. Ila ule mwaka wa tano, 2026-27, uliandikwa kuwa hiari ya klabu. Hiari ya klabu, msomaji wangu, si yake. Na mkataba wa mwenzake Isaiah Hartenstein nao uliandikwa hivyo hivyo kwa mwaka huo huo.

Nilimsomea kaka habari hii ya Dort jikoni, yeye anachonga mwiko wa wifi. Akataka kujua kwanza kama anaongea vizuri na wenzake waliopewa zile mia mbili na kitu. Nikamwambia kwenye picha wanaonekana wanacheka sana. Akasema, "Basi bado hawajaitwa soda."